Terhi na Mashine Iliyofundishwa Kupiga Kelele

Terhi Kallunki ni mwandishi, ila usihangaike kumtafuta kwenye duka la vitabu. Anaandika maelekezo. Kampuni yetu hapa Seinäjoki, Finland, inatengeneza programu inayoitwa Navetta, ambayo kazi yake ni kuendesha joto na hewa ndani ya mabanda ya ng'ombe na nguruwe. Mfugaji akitaka kujua abonyeze wapi feni zikigoma, anafungua kurasa za Terhi. Wengine wanazitoa kwenye karatasi, wanazitia ndani ya plastiki na kuzibandika karibu na mlango wa banda, pembeni ya kalenda ya chama cha maziwa. Mimi naitwa Maire, napokea simu za wateja, meza yangu inatazamana na ya Terhi, na nasema bila kupepesa macho kwamba bila kurasa zile ningeshaacha kazi hii nikauze stroberi sokoni.

Kuandika kulikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ilikuwa kuzifikisha kurasa kwa watu. Kila lilipotoka toleo jipya la programu, Terhi alikusanya maelezo kutoka kwa watengenezaji, akayaunganisha na ya kwake, akapachika picha, akaweka pamoja Kifini, Kiswidi na Kijerumani, akatengeneza kitabu cha kuchapa, kisha akapandisha vyote kwenye seva, kimoja kimoja, kwa mkono. Siku nzima ilikwisha hapo. Akikosea mahali anarudi mwanzo, na sisi wengine tulijua siku hiyo hasemeshwi. Hakuna mwingine aliyejua mpangilio wa kazi ile. Ulikuwa kichwani mwake, na yeye mwenyewe aliuchukia.

Sasa, wateja wetu wakubwa wako Ujerumani, na Wajerumani hawana adabu ya Julai. Kwetu Julai ofisi inabaki na maua tu, tena yaliyokauka. Hata daktari wa meno anaenda zake kwenye nyumba yake ya ziwani. Lakini wao walitaka toleo jipya katikati ya mwezi huo, kila mwaka, kabla joto la Agosti halijapiga mabanda yao. Kwa hiyo kila Julai Terhi alibaki peke yake ofisini, anakula sandwichi ya mkate mweusi mbele ya kompyuta, huku sisi tukichoma soseji kando ya maji.

Februari mwaka jana mama yake, Hilkka, alivunjika nyonga kwa kuteleza kwenye barafu nje ya duka. Alipona, maana yule bibi ni mgumu kama mzizi, lakini daktari alimwambia wazi kwamba kisiwani asikae tena peke yake, na kwamba mwaka ujao huenda asiweze kabisa kupanda mashua. Kisiwa chenyewe kiko kwenye ziwa Keitele, kina kibanda, sauna ya kuogea mvuke na miti ya birchi, na Hilkka hajakosa Julai hata moja pale tangu aolewe. Kaka yake Terhi anaishi Gothenburg, Uswidi, na ana visingizio vizuri. Alibaki Terhi.

"Mama hataki zawadi wala sherehe," aliniambia Terhi. "Anataka Julai moja tu. Nzima. Na unajua sheria yake."

Niliijua. Simu haivuki maji. Unaiacha bara, kwenye banda la mashua, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Hilkka alishamtoa mkwewe kisiwani kwa kosa hilo.

Siku hiyohiyo Terhi alimfuata bosi wetu Ilpo kwenye chumba cha kahawa. Ilpo si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa, na akiogopa anatazama kikombe.

"Ilpo, Julai nzima sipo."

"Na toleo jipya je?"

"Litatoka."

"Maelekezo nani atayachapisha?"

"Mashine."

"Mashine gani, Terhi?"

"Bado sijaijenga."

Ilpo alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Mimi sitaki kukutesa, unajua hilo. Lakini siwezi kumpa mfugaji programu mpya na maelekezo ya zamani. Ataweka namba isiyo yenyewe, ndama wakose hewa, halafu tutasema nini? Ikiwa hiyo mashine yako itafanya kazi bila wewe kabla ya Juhannus, nenda. Isipofanya, nakuhitaji hapa."

"Sawa."

"Kweli sawa?"

"Nimesema sawa, Ilpo. Kunywa kahawa yako."

Juhannus ni sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, mwisho wa Juni. Baada yake huwezi kumpata mtu hapa hata kwa ving'ora. Terhi alikuwa na majira ya kuchipua tu kumfundisha chuma kazi aliyokuwa akiifanya yeye kwa miaka.

Kuitoa kazi kichwani na kuipa mashine si mchezo, nimeona kwa macho yangu. Mashine yenyewe ni kompyuta ya kukodi, iko mbali, na kila ikiamshwa inaamka tupu kabisa, haikumbuki chochote. Lazima uiambie kila kitu: kachukue kurasa hapa, picha ziko pale, jenga tovuti, jenga kitabu, peleka kwenye seva. Ukisahau neno moja inakaa tu. Terhi alijaribu, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa kwa sababu nyingine, jambo ambalo yeye aliliita maendeleo. Wiki nzima kitabu cha Kifini kilitoka na vijisanduku vitupu kila penye herufi zenye vitone, na Kifini bila vitone ni mdomo bila meno. Mashine haikuwa na herufi zetu. Alizitafuta, akazitia, akaanza upya.

"Achana nayo wewe, utapata vidonda vya tumbo," Aatos alimwambia. Aatos ni mtengenezaji wetu mkuu wa programu, ana ndevu za mvuvi na sauti ya mtu aliye maktaba.

"Nitaachana nayo ikishafanya kazi."

"Ungenipa mimi."

"Nikupe wewe, halafu Julai niulizwe mimi? Nionyeshe tu hapa pana kasoro gani, mikono yako iweke mfukoni."

Akamwonyesha, mikono mfukoni kweli.

Ikafika Pasaka, mashine ikakubali. Mtengenezaji yeyote akihifadhi mabadiliko, mashine inaamka yenyewe, inajenga kurasa za lugha zote, inazipeleka kwenye seva, na kwenye kompyuta zetu inawaka taa ndogo ya kijani. Terhi alileta keki. Tulikula kimyakimya, tukasema "si mbaya", na kwetu hiyo ni pongezi kubwa.

Kulikuwa na kero moja tu. Kila mashine ilipokwama mahali, ilimtumia kila mtu ujumbe, na watu hawakupenda. Si kwamba walilalamika. Walipumua kwa nguvu mbele ya skrini zao. Mwishowe mmoja akamnong'oneza Aatos, mwingine akamnong'oneza, na Aatos, ambaye hawezi kuona mtu anasumbuliwa, akaingia ndani ya mpangilio na kuongeza mstari mmoja. Ujumbe ukakoma. Terhi mwenyewe alimshukuru. Tukakaa kwa amani, taa ya kijani asubuhi, taa ya kijani jioni.

Katikati ya Mei nilipigiwa simu na Oiva, mfugaji wa Kauhajoki, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alitaka kujua ankara yake imetumwa wapi. Nikamwambia. Akashukuru. Nilikuwa nakaribia kukata simu.

"Basi, si kitu," akasema. "Ni jambo dogo tu, wala sikupiga kwa ajili ya hilo."

"Sema, Oiva."

"Ule ukurasa wa matundu ya hewa. Bado una namba za mwaka jana."

"Haiwezekani. Zimebadilishwa mara tu baada ya Pasaka."

"Ehe. Kwangu hazijabadilika."

"Tangu lini umeona?"

"Tangu baada ya Pasaka."

"Oiva! Mwezi mzima! Mbona hukupiga?"

Nikasikia ng'ombe akikohoa kule nyuma. "Sikutaka kusumbua," akasema. "Nilijua mna kazi."

Nilitamani kupita kwenye waya nimkumbatie na kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Nikafungua ukurasa mimi mwenyewe. Namba za zamani. Nikafungua wa Kijerumani. Za zamani. Nikamwita Terhi, akaja, akasimama nyuma yangu, na nikaona wekundu ukimpanda kutoka shingoni.

Walichimba, yeye na Aatos, na hawakuchimba sana. Ule mstari aliouongeza Aatos haukuzuia ujumbe peke yake. Ulikuwa unaiambia mashine hivi: ukikwama, endelea, washa kijani. Tangu siku ile mashine ilikuwa inakwama kwenye picha moja iliyopewa jina baya, haijengi chochote, seva inabaki na kurasa za zamani, na taa inawaka kijani kwa heshima zote. Tulikuwa tumetengeneza mashine yenye tabia zetu. Ina shida na haisemi, isije ikamsumbua mtu. Na wale waliodhulumiwa nayo walikuwa Wafini wenzetu, maana Wajerumani huchukua toleo jipya Julai tu, kwa hiyo nao hawakusema. Nilipopigia wengine niligundua kuwa nusu ya wafugaji wa wilaya walijua. Mmoja aliniambia ndama wake walikohoa siku mbili hadi alipofikiria mwenyewe kubadili namba kwa kubahatisha. "Lakini mambo yalikwisha vizuri," akaongeza haraka, eti ananifariji mimi.

Ilpo aliposikia alifunga mlango wa ofisi yake, mimi, Terhi na Aatos tukiwa ndani. Alikuwa amekwishakata kauli, nilimwona.

"Terhi, samahani. Julai nakuhitaji hapa."

"Juhannus haijafika."

"Imekuwa ikidanganya mwezi mzima!"

"Haikudanganya. Ilizibwa mdomo."

Aatos alitazama viatu vyake. "Ni mimi," akasema kwa sauti ya maktaba. "Nilidhani nasaidia."

"Najua ulidhani unasaidia. Mimi mwenyewe nilisema asante, mjinga mimi." Terhi akamgeukia Ilpo. "Ulisema kabla ya Juhannus. Neno lako bado ni neno, au nalo lilikuwa taa ya kijani?"

Ilpo akatafuta kikombe, hakikuwepo. "Bado ni neno," akasema.

Wiki zilizofuata sikumtambua Terhi. Huyu ni mwanamke anayeomba radhi akikanyagwa. Sasa alikuwa ameuma meno. Kwanza aliung'oa ule mstari. Kisha akaipa mashine sheria mpya: ikiona kosa lolote, picha haipo, kiungo kinaelekea pasipo na ukurasa, lugha moja imeachwa nyuma ya nyingine, isichapishe kitu. Ikatae. Kisha iseme. Na hapo ndipo alipotikisa ofisi nzima, maana hakuridhika na ujumbe wa barua pepe ambao mtu anaweza kuufuta huku anatafuna. Alichukua skrini kubwa ya chumba cha kahawa, ile iliyokuwa ikionyesha utabiri wa hali ya hewa, akaiunganisha na mashine. Kosa likitokea skrini nzima inakuwa nyekundu, inalia kama kengele ya ng'ombe, na inaandika ukurasa gani, kasoro ni nini, na jina la aliyefanya mabadiliko.

Jina! Mbele ya watu! Wakati wa kahawa! Ungetangaza kwamba kuanzia Jumatatu tutaingia sauna uchi na wakaguzi wa kodi, watu wangeshtuka kidogo kuliko vile.

"Si lazima iwe jina," alisema Ilpo kwenye kikao, anapapasa maneno. "Labda... herufi ya kwanza?"

"Sote tunajua A ni nani," nilisema mimi. Aatos akazama ndani ya ndevu zake.

"Inaweza kusema taratibu," alisema mwingine. "Kwa yule mtu tu. Faraghani."

Terhi alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kwenye kikao. "Nisikilizeni. Tumejaribu taratibu. Taratibu ni Oiva kukaa mwezi mzima na namba mbovu kwa sababu anatuheshimu. Jina haliko pale kumwaibisha mtu. Liko pale ili wengine kumi wajue si wao, na mmoja ajue ni yeye, na asinisubiri mimi. Mimi nitakuwa kisiwani."

"Kama itafanya kazi," Ilpo akasema.

"Nitakuwa kisiwani," Terhi akarudia, akakaa chini. Hakuna aliyepinga tena, ingawa watu walipumua kwa nguvu.

Kitu cha mwisho alichofanya ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mashine ikikataa, kwa kawaida inatapika maandishi ambayo hata Aatos anayasoma kwa jicho moja. Terhi akakaa na kila aina ya kosa analolijua, akaliandikia maneno ya binadamu. Hii ndiyo kazi yake, na anaijua. Siku hizo nilikuwa nikisikia akijisomea kwa sauti ya chini, anafuta, anaandika tena, kama anamwandikia mfugaji aliyesimama bandani na glavu mkononi.

Wiki ya Juhannus likaja toleo dogo la majaribio. Ilpo aliweka sharti kwamba Terhi asiguse kompyuta. Terhi akasema vyema, akaja chumba cha kahawa, akakaa juu ya mikono yake kwelikweli, viganja chini ya mapaja. Tulijifanya tunakunywa kahawa.

Skrini ikawa nyekundu. Kengele ikalia. Jina lililokuwa pale: Aatos.

Maskini, aliiva kwa aibu hadi masikioni. Aliweka kikombe, akatoka, na kupitia dirishani tukamwona akizunguka uwanja wa magari mara moja, mikono nyuma. Nilimtazama Terhi. Mabega yalikuwa yamempanda, midomo imekuwa uzi. Najua alichokuwa anafikiria: akienda zake nyumbani yule mtu, Julai imekwisha.

Aatos akarudi. Akasimama mbele ya skrini akasoma, midomo ikicheza.

"Imeandika kwamba picha ya feni nimeiita jina kwa herufi kubwa na ukurasa unaitafuta kwa herufi ndogo."

"Ni kweli?" akauliza Terhi.

"Ni kweli." Akakuna ndevu. "Ni kitu cha dakika moja. Ningejuaje bila hii?"

"Usingejua. Ungewasha kijani."

"Haya, haya, nipige na jiwe sasa." Lakini alikuwa anacheka. Akaenda mezani kwake akarekebisha. Mashine ikaamka, ikajenga, skrini ikarudi kwenye utabiri wa hewa, na nikafungua ukurasa kwenye simu yangu: mpya, kwa lugha zote. Ilpo akaufungua kwenye simu yake pia. Akaufunga, akaufungua tena.

"Nenda," akamwambia Terhi. "Msalimie mama."

Terhi alitoa mikono chini ya mapaja, ikiwa imekufa ganzi, akanywa kahawa yake iliyopoa hadi mwisho.

Mimi Julai hiyo nilikuwa zamu. Ofisini tulibaki wawili, mimi na Ilpo, pamoja na maua. Aatos alikuwa porini Lapland. Siku ya toleo ilipofika, joto lilikuwa limetubana, simu za Ujerumani zilikuwa zimeanza tangu asubuhi, na Ilpo alivaa kaptula, kitu ambacho sitaki kukumbuka. Akabonyeza. Programu ikatoka. Mashine ya Terhi ikaamka kujenga maelekezo.

Kengele ikalia. Skrini nyekundu. Jina: Ilpo.

"Sikufanya kitu!" akasema Ilpo. "Nilibadilisha kichwa cha ukurasa mmoja tu jana. Kilikuwa kirefu mno."

Simu yangu ikaita. Mjerumani. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilipokata, Ilpo alikuwa ameshika funguo za gari.

"Unaenda wapi?"

"Keitele."

"Ilpo."

"Si mbali, nitakuwa nimerudi naye kabla ya jioni. Programu imeshatoka, Maire! Wana programu mpya na kurasa za zamani, ndama wa watu watakosa hewa! Atarekebisha tu halafu atarudi, mama yake ataelewa."

Nikasimama mlangoni. Mimi si mkubwa wa mwili, lakini nina hasira ya kutosha watu wawili, na siku ile niliitumia yote. "Ukimtoa kisiwani leo, hutamtoa kwa siku moja. Utakuwa umemwambia kwamba kila alichofanya ni bure na kwamba ataitwa mpaka azeeke. Julai ya yule bibi hairudi. Wewe umesoma hata skrini inasema nini?"

"Ni nyekundu!"

"Nimekuuliza umesoma?"

Hakuwa amesoma. Aliona jina lake akaacha kuona mengine. Nikamshika mkono wa shati nikampeleka mbele ya skrini kama mtoto, na akasoma kwa sauti, polepole, maandishi ya Terhi:

"'Umebadilisha kichwa cha ukurasa huu. Kurasa nyingine tatu bado zinauita kwa jina la zamani, majina yake yako hapa chini. Fungua kila mmoja, weka jina jipya, hifadhi. Hujaharibu kitu. Kurasa za zamani bado zipo, hakuna mtu anayeona kosa lako ila nyinyi mlio kwenye kahawa.'"

Kisha akasoma mstari wa mwisho: "'Usinipigie simu. Unaweza.'"

Akaweka funguo mezani. Alikaa kwenye kompyuta, na mimi nikakaa pembeni nikiwaambia Wajerumani kwamba bosi mwenyewe yuko kazini. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka jina jipya. Wa pili. Kwenye wa tatu alikosea, kengele ikalia tena, na safari hii hakushtuka, alisema tu "ehe, nimeona", akarekebisha. Mashine ikajenga. Ilpo alishika ukingo wa meza mpaka skrini ikatulia na kutuambia mvua itanyesha Alhamisi. Nikafungua kurasa. Zote mpya. Nikampigia Oiva, maana nilitaka mtu aseme.

"Zimebadilika," akasema. Kisha akaongeza, "Kuna neno moja limekosewa ukurasa wa pili, ikiwa sikusumbui."

"Sumbua, Oiva! Nakuomba, sumbua!"

Mwanzoni mwa Agosti Terhi alirudi, mwekundu wa jua, mikono imechubuka kwa makasia. Hilkka alikuwa ameogelea kila siku akishikiliwa kiunoni, akala samaki, akalala kibarazani, na siku ya kuondoka akafunga mlango wa kibanda mwenyewe akampa Terhi ufunguo bila neno. Terhi alinisimulia hayo huku akivua koti, haraka, macho yakimkimbilia kwenye skrini ya chumba cha kahawa. Hakuuliza. Mwezi mzima alikuwa hajui kitu, na sasa alishindwa kuuliza.

Ilpo akatoka ofisini kwake na kikombe. Mara hii hakukitazama. Alimtazama yeye.

"Terhi," akasema, "hatukukuhitaji hata siku moja."

Mahali pengine mtu angelia kwa uchungu akiambiwa hivyo, baada ya miaka yote ile. Terhi alisimama na koti mkononi, akajikaza, akashindwa, machozi yakamtoka waziwazi mbele yetu sote na hakujifuta.

"Sema tena," akamwambia.